Feni ya Umeme Mahali pa Feni ya Mkanda: Dalili Zinazojitokeza na Vyanzo Vyake

Gari linapoletwa karakanani na mwenyewe akalalamika kwamba linachemsha tangu feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini yenyewe, ilipotolewa na ya umeme kufungwa mahali pake, swali la kwanza si feni hiyo ilinunuliwa wapi wala ina mapanga mangapi. Swali ni kwamba gari linachemsha lini. Je, linachemsha likiwa limesimama kwenye foleni, au likienda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, au likipanda mlima na mzigo mgongoni? Majibu hayo matatu yanaelekeza kwenye vyanzo vitatu tofauti, na fundi asiyeyatenganisha anaweza kubadilisha feni mara tatu na bado maji yakaendelea kuruka.

Feni ya aina yoyote ina kazi moja tu, nayo ni kuvuta hewa ipite kwenye rejeta, yaani kile kipoza maji ya injini, pale ambapo mwendo wa gari hautoshi kuipitisha. Gari likishafika kama kilomita 60 kwa saa kwenye barabara tambarare, upepo wa mbele unaifanya kazi hiyo na feni inabaki na mchango mdogo mno. Kwa hiyo gari linalochemsha kati ya Ahero na Awasi likiwa mbioni, na geji yake ikashuka dereva anapopunguza mwendo, halidai feni kubwa zaidi. Linadai rejeta izibuliwe, themostati (mlango unaojifungua maji yakipata joto ili yaende kwenye rejeta) ikaguliwe, pampu ya maji itazamwe, au gasketi ya silinda hedi, inayozuia moshi wa injini usiingie kwenye maji, ipimwe. Lile linalochemsha likiwa limesimama Kondele saa nane mchana, kisha likapoa mara tu njia inapofunguka, ndilo lenye ugonjwa wa feni. La tatu, linalopanda Sachangwan kwa gia ya pili likiwa limejaa watu, ndilo gumu kuliko yote, na nimeliweka mwisho kwa sababu jibu lake huwaudhi wengi.

Kabla ya kushika spana, kagua kifuniko cha rejeta. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban mita 1,850, na barabara ya Eldoret hupita karibu mita 2,700 pale Timboroa. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi Kisumu, 94 Nakuru na 91 Timboroa. Kifuniko kizima kinachoshikilia presha ya bar 0.9 hukipandisha kiwango hicho kikapita digrii 110 popote pale kati ya hapo, lakini kifuniko chenye springi iliyochoka au raba iliyopasuka kinayaacha maji kama yaliyo kwenye sufuria. Ikiwa swichi ya feni imetengenezwa kuwaka kwenye digrii 95 na maji ya Nakuru yanachemka kwenye 94, injini itamwaga maji wakati feni bado inangoja amri. Mwenye gari atasema feni ni mbovu, kumbe feni haina hatia. Nimeona mota tatu zikinunuliwa kwa ajili ya kifuniko kimoja.

Feni haizunguki kabisa

Anzia kwenye mota, usianzie kwenye swichi. Chomoa soketi ya feni, kisha uilishe mota moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili nene. Ikizunguka kwa nguvu, achana nayo. Isipozunguka, zungusha mapanga kwa mkono waya zikiwa zimetolewa: yakikwama au yakikwaruza, beringi zimekufa, yakizunguka laini lakini umeme hauyasogezi, brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha. Hili la brashi ni la kawaida sana kwa feni za mitumba, kwa kuwa hakuna anayejua feni ilifanya kazi miaka mingapi kabla ya gari lake kubomolewa.

Mota ikiwa nzima, nenda kwenye rilei, ile swichi inayotumia umeme mdogo kuuruhusu ule mkubwa upite. Rilei ya pini nne ina namba zilizochapwa chini yake. Pini ya 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, ya 87 huupeleka kwenye feni, na 85 na 86 ni za koili ndogo ya kuiamrisha. Ing'oe rilei, kisha uunganishe tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya nene. Feni ikiwaka, njia kubwa ya umeme haina kasoro, na kosa liko kwenye rilei yenyewe au kwenye njia ndogo ya kuiamrisha. Isipowaka, tazama fyuzi, halafu hasi ya mota, yaani waya ya kurudisha umeme, pale ilipofungwa kwenye bodi, ambapo mara nyingi utakuta rangi haikukwanguliwa kabla bolti haijakazwa.

Rudisha rilei mahali pake, washa ufunguo, kisha uchukue waya inayokwenda kwenye swichi ya joto na kuigusisha kwenye chuma cha injini. Rilei ikilia "tik" na feni ikawaka, swichi haifanyi kazi, au inafanya kazi lakini haina hasi. Jambo hili la pili ndilo linalowapotezea mafundi muda mwingi. Injini nyingi za zamani hazikuachiwa tundu la kufungia swichi ya feni, kwa hiyo fundi hukata paipu ya juu ya rejeta na kupachika katikati kipande cha alumini chenye tundu hilo. Kipande hicho kimeshikwa na raba pande zote mbili, na raba haipitishi umeme. Swichi ya waya moja hutegemea mwili wake ndio uwe hasi. Ikiwa imeelea kwenye raba, itaunganisha kila maji yanapopata joto na hakuna kitakachotokea. Dawa yake ni kipande cha waya chenye urefu wa shubiri moja, kikafungwa kwa skrubu kwenye ile alumini na upande wa pili kwenye injini.

Ikiwa hasi ipo na feni bado haijiwashi yenyewe, itoe swichi uipime. Wengi huitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, mita ikiwa imeunganishwa, na kungoja mshale usogee. Mimi pia nilifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikizitupa swichi nzima. Maji ya Nakuru hayafiki digrii 95 hata yachemke mpaka sufuria ikauke, kwa hiyo swichi ya digrii 95 itakaa ndani yake kimya kama jiwe. Tumia mafuta ya kupikia na kipimajoto, pasha polepole, na hakikisha sehemu ya waya haizami. Swichi nzima itaunganisha karibu na namba iliyochapwa juu ya chuma chake, na itaachia digrii 5 hadi 10 chini ya hapo mafuta yanapopoa.

Limebaki jambo moja katika dalili hii, nalo ni hewa. Baada ya paipu kukatwa na maji kujazwa upya, hewa huweza kujikusanya sehemu ya juu, na swichi iliyozungukwa na hewa au mvuke haipati joto la maji kwa wakati. Pandisha pua ya gari kidogo, acha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, na endelea kuongeza maji mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha hata baada ya nusu saa, pamoja na paipu ya juu inayokuwa ngumu dakika moja baada ya kuwasha injini asubuhi, ni habari ya gasketi.

Feni inawaka injini ikiwa baridi na kuzima ikipata joto

Hii inachekesha mpaka umjue mkosaji. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia swichi ya kinyume: imeunganisha wakati maji ni baridi, na huachia maji yanapopata joto. Kiwandani iliendana na rilei ya kinyume vilevile, ili waya ikikatika barabarani feni iwake na kuendelea kuzunguka badala ya injini kuungua. Ni ubunifu mzuri. Tatizo huanza pale swichi hiyo inaponunuliwa peke yake kwa wauza spea za mitumba na kufungwa kwenye rilei ya kawaida ya pini nne. Ndipo feni hupiga upepo asubuhi yote na kunyamaza hasa wakati inapohitajika. Badilisha swichi, au tumia rilei ya pini tano na umeme wa feni uuchukue kwenye pini ya 87a, inayopata umeme koili ikiwa imelala, badala ya 87. Chaguo hili la pili lina kasoro moja ya kukumbuka: koili ikiwa imelishwa kutoka kwenye ufunguo, kuuzima kutaiacha rilei na feni itawaka usiku kucha, isipokuwa njia kubwa ya umeme nayo ikatwe na ufunguo kwa rilei nyingine. Mimi hubadilisha swichi.

Feni isiyozima kabisa wakati wa safari ni jambo jingine. Mara nyingi swichi iliyochaguliwa huwaka chini ya joto la themostati. Themostati ya digrii 82 haiwezi kuyaruhusu maji ya paipu ya juu yawe chini ya hapo injini ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo swichi ya digrii 80 iliyofungwa juu haitapata nafasi ya kuachia hata mara moja. Swichi ikiwa kwenye tangi la chini la rejeta, mahali maji yameshapoa, namba ndogo zinafaa. Ikiwa juu, inatakiwa ipite ile ya themostati kwa digrii 10 hivi. Na kama themostati ilishang'olewa na kutupwa, kama desturi mbaya ya karakana nyingi inavyoagiza, hesabu hizi zote hazina maana: gari la Molo litatembea baridi siku nzima likila mafuta na kutoa moshi, na likifika Kisumu litachemsha.

Feni inazunguka, lakini gari linachemsha likiwa limesimama

Chukua karatasi moja ya daftari, iweke mbele ya rejeta feni ikiwa imewaka, kisha uiachie. Karatasi inatakiwa ivutwe na kunata kwenye matundu ya rejeta. Ikianguka, hewa haipiti. Ikirushwa nje, feni inazunguka kinyume na kupigana na upepo wa barabarani. Waya mbili zilizopishana zinatosha kuleta kosa hilo, na kuzibadilishana kunalimaliza. Hata hivyo, yupo anayeichukua feni ya kuvuta, akaifunga mbele ya rejeta ili isukume, na akapishanisha waya akidhani kazi imeisha. Mapanga ya feni yamepinda kwa upande mmoja, na yakizungushwa kinyume hupitisha hewa kidogo tu. Feni nyingine huruhusu mapanga kuchomolewa na kugeuzwa kwenye shafti ya mota. Isiyoruhusu ifungwe upande iliotengenezewa.

Isogeze karatasi kila pembe ya rejeta. Ikinata katikati tu na kudondoka pembeni, umeona kosa la kava. Feni ya mkanda ilikuwa na kava ya plastiki iliyoilazimisha hewa ipite eneo lote la rejeta. Kava hiyo ikitupwa na feni ya inchi 14 ikafungwa ikigusa matundu ya rejeta, hewa inavutwa kwenye duara la inchi 14 pekee, na pembe nne zinabaki zikiwa pambo. Kata bati au plastiki ngumu, tengeneza kava inayofunika rejeta nzima, acha sentimita chache kati ya feni na matundu, na uzibe kingo kwa sponji. Jambo hili halina gharama kubwa, lakini linaleta tofauti kuliko mota yenye nguvu maradufu. Tafadhali usiifunge feni kwa zile kamba za plastiki zinazochomekwa katikati ya matundu ya rejeta. Mtikisiko wa barabara ya vumbi utazifanya zisugue mpaka zitoboe njia ya maji, na utakuwa umenunua rejeta kwa ajili ya kuokoa vipande vinne vya chuma.

Hewa ikiwa inapita kote lakini kwa unyonge, pima umeme. Weka mita kwenye betri injini ikinguruma na feni ikiwa imewaka, andika namba. Kisha pima kwenye pini za mota yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani na kugeuka joto mahali fulani.

Hapa naeleza gari moja kwa urefu kidogo, kwa kuwa lilikuwa na karibu kila kosa la sura hii. Ilikuwa Hiace ya dizeli, injini ya aina ya 5L, inayobeba abiria 14 kati ya Nakuru na Kisumu. Feni ya umeme ilikuwa imefungwa kwingine wiki mbili nyuma. Betri ilisoma volti 13.9 na mota ikasoma 11.6. Nilipoing'oa rilei, soketi ilinifuata mkononi: plastiki nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia kuzunguka pini ya 30, na kile chuma cha ndani kilikuwa kimelegea na kupata rangi ya buluu, kama kisu kilichoachwa juu ya makaa. Ilikuwa ikinuka harufu ya plastiki iliyoungua hata kabla ya kuiwasha. Niliifuata waya nyuma ya bampa nikakuta ni ile ya kufungia taa za nyumba, ya milimita mraba 1.5, uzi mmoja mgumu wa shaba, iliyopindwa pembe kali mahali pawili.

Waya hiyo haina kosa ndani ya ukuta wa nyumba, ambako haitikisiki. Kwenye gari, uzi mmoja mgumu huchoka na kukatika kwenye pembe. Na hata ikiwa nzima, haitoshi. Feni iliyovuta ampea 20 kupitia mita 3 za waya ya milimita mraba 1.5 hupoteza volti 0.7 kwa kwenda tu, bila kuhesabu kurudi. Ya milimita mraba 4 hupoteza kama robo volti. Tuliweka waya ya nyuzi nyingi ya milimita mraba 4 kwenda na kurudi, rilei ya ampea 40 na soketi mpya, na fyuzi ya ampea 30 shubiri moja kutoka kwenye betri, maana fyuzi iliyowekwa mbali haiilindi waya iliyo kabla yake. Mota ikasoma volti 13.5, na sauti ya feni ikabadilika kiasi kwamba utingo aliyekuwa amesinzia ndani aliinuka kutazama.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara isitibiwe kwa fyuzi kubwa zaidi. Mota huvuta umeme mwingi kwa nukta ya kuanza, mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi, kwa hiyo fyuzi iliyo sawasawa na ampea za feni itakatika bila kosa lolote. Ile ya 30 kwa feni ya 20 inatosha. Ikikatika hiyo nayo, mota inakwama au waya imechunika na kugusa chuma.

Dalili ndogo ndogo

Mkanda ukianza kulia na puli ya pampu ya maji kucheza siku chache baada ya kazi, tazama nati nne za puli hiyo. Kwenye injini nyingi, nati hizohizo ndizo zilizoshika puli pamoja na klachi ya feni, kile kiungo kilichoibeba feni ya mkanda. Klachi ikitolewa, unene wake unatoweka, nati zinafika mwisho wa nyuzi kabla hazijaibana puli, na fundi anadhani amekaza. Weka washa nene za kujaza pengo hilo.

Injini ya petroli inayoendelea kunguruma nukta moja au mbili baada ya ufunguo kuzimwa imeunganishwa vibaya: feni inayopungua kasi hugeuka jenereta ndogo na kuulisha umeme mfumo wa kuwashia. Chanzo ni feni kuchukua umeme wake upande wa swichi ya ufunguo. Uchukuliwe kwenye betri.

Taa zinazofifia usiku gari likiwa limesimama huonyesha kwamba alteneta ya zamani, nyingine zikiwa na uwezo wa ampea 60 tu tena kwa mwendo wa kasi, haikuhesabiwa pamoja na feni. Na betri inayokutwa imekufa asubuhi, ikiwa swichi na rilei ni za kawaida, mara nyingi ni rilei ambayo vyuma vyake vya ndani vimeshikana kwa kuungua. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Feni ikizima, ibadilishe siku hiyohiyo.

Linachemsha likipanda na mzigo

Ile Hiace ilirudi siku nne baadaye. Mwenyewe, mzee mpole asiyependa kelele, alisema: "Fundi, mjini sasa haina neno. Hata Kisumu, foleni ya Kibuye, mshale umetulia. Lakini tukitoka Salgaa kupanda, kabla ya Sachangwan dereva anasimama."

Kwanza tuliondoa sababu zisizo za feni, na yeyote mwenye dalili hii afanye hivyo. Rejeta za magari ya ukanda wa ziwa huziba kwa namna mbili ambazo mtu wa Nairobi hazijui: vidudu vya ziwani vinavyotanda kama moshi jioni na kuganda kwenye matundu, na makapi ya miwa yanayodondoka kwenye trela za Muhoroni na Chemelil. Vikichanganyika na vumbi na mvuke wa oili vinakuwa kama saruji. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa kuwa ukiosha kutoka mbele unausukuma uchafu ndani zaidi, na kwenye gari lenye kiyoyozi fungua uone kati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi, ambako ndiko uchafu hujificha. Ndani nako, maji ya kisima huacha magamba meupe. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi na utazame kwa tochi. Rejeta ya mzee ilikuwa safi ndani na nje, gasketi ilikuwa nzima, na themostati ilifunguka inavyotakiwa.

Ikabaki hesabu. Gari linalopanda kwa kilomita 30 au 40 kwa saa likiwa limejaa linazalisha joto karibu la juu kabisa, huku upepo wa mbele ukiwa haba, na hewa ya huko juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Katika hali hiyo feni ya mkanda ilikuwa inazunguka pamoja na injini. Ndani ya klachi yake mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake springi ya metali mbili inayojikunjua hewa ya rejeta inapopata joto, ikayaruhusu mafuta yaishike feni sawasawa. Ikishika, inaweza kula kilowati kadhaa za nguvu ya injini. Dereva huisikia: ni ule mvumo mzito unaokuja katikati ya mlima. Feni ya umeme ya ampea 20 kwa volti 13 ina wati 260. Nguvu inayohitajika kuzungusha mapanga hupanda mara nane kasi ikiongezwa maradufu, ndiyo sababu mota ndogo inatosha foleni ya mjini, ambako injini inazalisha joto kidogo, na haitoshi Sachangwan hata kidogo.

Nilimweleza mzee njia mbili. Ya kwanza ilikuwa feni mbili kwenye kava moja, rejeta nene zaidi, na alteneta ya kubeba ampea 40 za ziada pamoja na taa, bila ahadi kwamba mlima ungekubali. Ya pili ilikuwa kuirudisha feni ya mkanda na klachi nzima, na kuiacha ya umeme mbele ya rejeta kama msaidizi wa mjini, mradi iwe ya kusukuma. Kwa gari dogo la kibinafsi linalozunguka Nakuru na kwenda Njoro ningeshauri ya umeme bila wasiwasi. Kwa matatu ya mlimani, au pikapu ya kubeba viazi kutoka Molo, siishauri, ingawa kazi ya kuifunga ingeniletea fedha zaidi.

Alichagua kuirudisha. Feni yake ya kwanza alikuwa ameshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, kwa hiyo tuliitafuta nyingine siku nzima. Klachi ya kwanza tuliyopata ilikuwa imevuja silikoni na ilizunguka bure kwa kidole. Ya pili ilikuwa na ukinzani mzuri ikigeuzwa kwa mkono, na hiyo ndiyo tuliyoifunga, kwa nati za mwanzo.